HbA1c: uliza imepimwa kwa mashine gani

HbA1c, yaani kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, wengi tunaijua kama namba tu. Mtu kapima huku kapata 7.1%, kaenda kwingine kapata 7.4%, tayari anasema maabara wamechanganya damu. Mi nasema kabla hujagombana na watu uliza kwanza wametumia njia gani, maana ziko kadhaa na kila moja inaangalia kitu chake.

Kinachopimwa ni hemoglobini (protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni) iliyogandwa na sukari. Chembe nyekundu inaishi kama siku 120 na muda wote huo sukari inaigandia taratibu na haibanduki, ndo maana hukai na njaa kabla ya kipimo, na ndo maana kujibana siku tatu kabla ya kliniki hakusaidii kitu (tunajuana humu). Ila karibu nusu ya hiyo namba inatokana na mwezi wa mwisho.

Njia ninayoiamini zaidi ni HPLC, mashine kubwa ya maabara. Inatenganisha aina za hemoglobini kwa chaji zake za umeme halafu inachora grafu, na utamu wake uko kwenye hiyo grafu, kwa sababu mtaalamu anayejua kuisoma anaona kama una hemoglobini S au C au nyingine isiyo ya kawaida, wapo watu wamejulia hapo kwamba wamebeba vinasaba vya sikoseli na walikuja kupima sukari tu. Elektroforesisi ya kapilari, inayotenganisha hemoglobini kwa umeme ndani ya mrija mwembamba, nayo inakuonyesha hivyo hivyo.

Njia ya kingamwili ni ya haraka, vimashine vingi vya HbA1c vya kutoboa kidole vinatumia hiyo. Kingamwili inatafuta ncha ya mnyororo wa beta (moja ya minyororo inayounda hemoglobini) pale sukari iliposhika, basi. Haikuambii una hemoglobini gani. Na mabadiliko ya S na C yapo nafasi ya 6 ya mnyororo huo, jirani kabisa na hiyo ncha, kwa hiyo baadhi ya vitendanishi (dawa za kupimia) vilikuwa vinayumba, vingi vya sasa vimerekebishwa lakini we uliza tu. Mwenye hemoglobini F (ile ya mtoto akiwa tumboni) nyingi ndo kabisa, ile haina mnyororo wa beta, majibu yanashuka kwa uongo.

Kuna na njia ya boroneti, kemikali inayoshika sukari, inanasa sukari yenyewe popote ilipokaa kwenye hemoglobini, hivyo S na C haziisumbui sana.

Siku hizi mashine nyingi zinalinganishwa na vipimo vya DCCT, utafiti mkubwa wa kisukari uliotoka 1993, kwa hiyo tofauti ya 0.3 isikunyime usingizi, madaktari wengi wanaanza kushtuka kwenye 0.5. Na ukikuta wameandika 53 usizimie, ni ile ile 7% kwa kipimo kingine, mmol/mol.

Sasa kuna mahali mashine zote zinakwama, hata ya bei mbaya. Kama chembe zako zinakufa mapema, mfano una sikoseli yenyewe, au juzi umeongezewa damu, HbA1c inaweza kutoka nzuri kuliko hali halisi. Ukipungukiwa madini ya chuma inaweza kupanda bila sukari kupanda. Ukiona kipimo cha kidole kinasema 12 mmol/L kila asubuhi halafu HbA1c inasema 6%, mwambie daktari, omba fruktosamini, inaangalia protini za damu kwa wiki mbili tatu zilizopita na haina habari na chembe nyekundu. Ila kama figo zinavujisha protini, hiyo nayo inashuka kwa uongo.