Kumbukumbu ya mradi wangu: mivinyo myeupe ya Alsace, zamu ya Muscat

Kwa mnaojiunga sasa, nazipitia zile aina nne za zabibu ambazo Alsace, mashariki ya Ufaransa, imezipa daraja la juu: Riesling, Gewurztraminer, Pinot Gris na Muscat. Lengo ni pua yangu ijue kuzitofautisha bila macho kuisaidia. Chupa naivisha soksi ndefu, basi. Kwa mivinyo hii inatosha, kwa kuwa karibu yote hutiwa kwenye chupa ileile nyembamba na ndefu, na tangu 1972 sheria inataka ijazwe hukohuko Alsace. Umbo la chupa halikupi fununu yoyote.

Muscat ndiyo iliyonifurahisha kuliko nilivyotarajia. Mivinyo mingi hunukia kila kitu, limau, pichi, maua, ila zabibu yenyewe. Huu unanukia zabibu mbichi iliyotafunwa na ganda lake. Pua inakuahidi sukari, kisha ulimi unakuta mvinyo mkavu wenye uchachu mwepesi. Muscat za kusini mwa Ufaransa, kama ya Beaumes-de-Venise, huongezwa pombe kali ili utamu ubaki; Alsace kwa kawaida huacha sukari ichachuke karibu yote. Wenyeji huinywa na asparaga majira ya kuchipua, nami nimejaribu: wanajua wanachofanya.

Gewurztraminer kwa sasa naitambua hata nikiwa na mafua. Waridi, lichi, tangawizi, karafuu kwa mbali. Ukiinua glasi ni kama umefungua mlango wa chumba cha bi harusi. Niliweka bakuli la lichi za kopo pembeni nikawa nanusa huku na huku. Harufu zinakutana kweli, na sababu ipo: matunda yote mawili yana kampaundi ileile, oksaidi ya waridi. Ikitoka moja kwa moja kwenye friji, glasi ni bubu. Niliikumbatia kwa viganja, na waridi likatangulia, viungo vikafuata nyuma. Nyuzi 10 hivi zinaifaa. Lakini niseme wazi, uchachu wake ni mdogo, na glasi ya pili hunichosha. Jibini ya Munster, ile inayonuka hadi jirani ajue, ndiyo inayoiweka sawa.

Riesling changa ni limau na ukali safi, haina mengi ya kusimulia. Iliyokaa miaka chupani ndiyo ina mambo: mafuta ya taa! Si kasoro, ni kampaundi iitwayo TDN, na zabibu zilizopigwa jua sana huwa na malighafi yake kwa wingi. Sisi tuliosoma kwa koroboi hatuhitaji kufundishwa harufu hiyo, na kwangu kidogo inapendeza, ikizidi nasukuma glasi.

Ushauri kwa wanunuzi: tafuteni lebo inayotaja utamu, kuanzia *sec* (mkavu) hadi *doux* (mtamu). Ni lazima tangu mavuno ya 2021. Kabla ya hapo kununua Pinot Gris ilikuwa bahati nasibu, na chupa za zamani bado zimo madukani.

Pinot Gris ndiyo inayofuata. Harufu yake ni ya chini, yenye moshi na asali kidogo, na ndiyo pekee ambayo soksi bado inanishinda. Safari hii nitaiweka ubavuni mwa Riesling, nizinuse kwa zamu.