Jinsi nilivyounganisha ruta yangu na Wi-Fi ya nyumba ya kupanga, Mkomani, Lamu

Nimepanga chumba cha ghorofani katika nyumba ya kale ya mtaa wa Mkomani, na katika kodi ninayolipa imo ruhusa ya kutumia Wi-Fi ya nyumba, inayotumiwa pia na mama mwenye nyumba, wanawe na wageni wao. Kwa simu peke yake mpango huo ulinitosha. Ulianza kunibana nilipoleta kompyuta ya kazi na printa, kwa sababu kila nywila ilipobadilishwa nililazimika kuvipitia vifaa vyote kimoja kimoja, na printa yenyewe ilionekana na yeyote aliyeingia kwenye mtandao. Nilichotaka ni mtandao wangu mdogo nyuma ya ule wa nyumba, bila kuigusa ruta yao, yaani kifaa kinachoisambaza Wi-Fi ya nyumba.

Mama mwenye nyumba hakupinga. Alisema tu, "Fanya, mwanangu, lakini wana wasikose mtandao," na sharti hilo ndilo lililoamua karibu kila kitu nilichofanya baadaye.

Kikwazo kikubwa kilikuwa ukuta. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wa kuta zake hudhoofisha sana mawimbi ya Wi-Fi, hasa ya gigahazi 5, ambayo hupenya vitu vizito kwa shida kuliko yale ya gigahazi 2.4. Ruta kuu iko chini, tekani, yaani ukumbi mdogo wa kuingilia nyumbani, karibu na mahali waya wa intaneti unapoingilia. Kebo ingemaliza kazi, lakini Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na kutoboa ukuta wa nyumba kama hii si uamuzi wa mpangaji. Kuipitisha kebo juu ya kiwanda, yaani ua wa wazi ulio katikati ya nyumba, nako kulikataliwa kwa upole, kwani ndipo nguo huanikwa.

Basi nikachukua simu yenye programu ya kupima nguvu ya mawimbi na kuzunguka nayo chumbani. Vipimo hivyo, vya desibeli, huandikwa kwa namba hasi, na kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu zaidi. Kando ya kitanda nilipata takriban -82, kiwango ambacho ukurasa hufunguka kwa kusuasua. Kwenye dirisha dogo linalotazama kiwanda nilipata -62. Tofauti ya desibeli 20 ni tofauti ya nguvu mara 100, na yote hiyo ilipatikana kwa hatua chache tu, kwa kuwa pale dirishani mawimbi yalikuwa yakipanda kupitia uwazi wa kiwanda badala ya kupambana na mawe. Ruta yangu ikapata makao yake hapo, ndani ya dirisha, mbali kidogo na upepo wa chumvi ambao hapa kwetu hauachi chuma salama.

Ruta niliyotumia ni ya mtumba, ina redio mbili, yaani sehemu za kurushia na kupokelea mawimbi, moja ya gigahazi 2.4 na nyingine ya gigahazi 5, nami niliiwekea OpenWrt, programu huria inayochukua nafasi ya ile ya kiwandani. Jambo la kwanza lilikuwa anwani, yaani namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao. OpenWrt huanza na anwani 192.168.1.1, na ruta kuu ilikuwa na anwani hiyo hiyo. Pande mbili za ruta moja zikiwa na fungu moja la anwani, ruta haiwezi kujua data iende upande gani. Niliunganisha kompyuta kwa kebo fupi, nikabadilisha anwani ya ruta yangu kuwa 192.168.20.1, kisha nikaingia upya kwa anwani hiyo mpya.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuifanya redio ya gigahazi 2.4 iwe mpokeaji. Katika ukurasa wa mipangilio ya mtandao usio na waya niliamuru itafute mitandao iliyo karibu, nikauchagua wa nyumba, nikaandika nywila, na muunganisho huo nikauweka katika kundi la ulinzi la upande wa nje, yaani lile ambalo ruta hulichukulia kama intaneti. Redio ya gigahazi 5 nikaiachia kazi ya kusambaza mtandao wangu chumbani kwa jina na nywila yake. Wengi hutumia redio moja kwa kazi zote mbili, na inawezekana, ila kasi hupungua kufikia karibu nusu kwa sababu kila kipande cha data husafiri hewani mara mbili katika chaneli ile ile. Isitoshe, kwa OpenWrt mtandao mkuu ukipotea, redio hiyo hiyo inaweza kuacha kusambaza pia. Kwetu, ambako umeme hukatika, hilo si jambo dogo: sasa umeme wa chini ukikatika, ruta yangu iliyo kwenye betri huendelea kuziunganisha kompyuta na printa, na intaneti hurudi yenyewe ruta kuu inapowaka.

Ipo njia nyingine ambayo mafundi huipendekeza, ya kuigeuza ruta ya pili iwe kituo cha kusambaza tu. Ni njia nzuri penye kebo, lakini huduma ya kugawa anwani, DHCP, lazima izimwe kwenye ruta ya pili. Isipozimwa, vifaa vya nyumba nzima vinaweza kupewa anwani na ruta isiyo na intaneti, na manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kwa mpangaji aliyeambiwa wana wasikose mtandao, mimi naona afadhali mtandao uliojitenga.

Utengano huo una gharama. Kifaa changu kinaweza kuvifikia vya nyumba, lakini vya nyumba haviwezi kuanzisha mawasiliano na vyangu, kwa hiyo kijana wa nyumbani akitaka kuchapisha kazi ya shule huingia kwanza kwenye mtandao wangu, na nywila ameshapewa. Nywila ya chini ikibadilishwa, mimi huibadilisha mahali pamoja tu.

Kasi ya intaneti yenyewe haikuongezeka, wala ruta haiwezi kuiongeza. Baada ya isha, wana wanapotazama video, nimeiwekea ruta yangu kikomo cha megabiti 5 kwa sekunde, ambacho chatosha mkutano wa video na barua pepe, na mafaili makubwa nayapakua alfajiri.