Nyati na leleshwa

Ndiyo kwanza tumetoka Hell's Gate, mbuga ya wanyama huko Naivasha, Kenya, magoti bado yananicheza.

Tulikuwa kwa baiskeli. Nikasimama nifikiche jani la kichaka cha leleshwa: juu kijani, chini jeupe, linanukia kafuri.

Mwenzangu akanong'ona, "Usisonge."

Nyuma ya kichaka hichohicho, dume la nyati. Pembe zimekutana kipajini kama kofia ya chuma. Mnyama anayeweza kupita kilo 800, amefichwa na kichaka chenye mbegu laini kama pamba!

Hakukoroma. Alicheua tu, ndege akimdonoa mgongoni.

Leleshwa likikatwa kuchomwa makaa, kisiki huchipua tena. Mimi je, ningekanyagwa?

Vidole bado vinanukia kafuri.

Nani mwingine ameshakutana na nyati hivyo? Leteni stori.