Chicago ya 1983 na karatasi ya tatu ya kura

Watu wengi hapa Iringa wanaofuatilia siasa za Marekani huishia kwa rais, na wachache huendelea hadi kwenye Bunge la Seneti. Uchaguzi wa meya huonekana kuwa jambo dogo la wenyewe. Mimi kwa upande wangu nimevutiwa zaidi na uchaguzi wa meya wa Chicago wa mwaka 1983 na yaliyoufuata, kwa sababu sijaona tukio jingine linaloonyesha kwa uwazi wa namna ile kwamba wananchi wanaweza kumkabidhi mtu mji wao na bado asiweze kuuendesha, ikiwa hawakuangalia vizuri ni nani waliowapa kata.

Chicago ya wakati huo ilikuwa na wakazi wapatao milioni tatu, na tangu mwaka 1931 meya wake alikuwa akitoka chama cha Democratic. Richard J. Daley aliuongoza mji huo kuanzia mwaka 1955 hadi alipofariki Desemba 1976, na nguvu yake ilijengwa mitaani: kila eneo dogo la kupigia kura lilikuwa na mtu wa chama aliyejua nani anahitaji kazi, nani ana kesi, nani taka zake hazijazolewa, na ambaye siku ya uchaguzi alihakikisha watu hao wanafika kituoni. Msomaji anayewakumbuka mabalozi wa nyumba kumi atauelewa mfumo huo bila maelezo mengi. Baada ya Daley alikuja Michael Bilandic, ambaye theluji nzito ya Januari 1979 ilimwondoa madarakani, kwa kuwa barabara hazikusafishwa na treni za mjini zilivuruga safari za watu. Jane Byrne akawa mwanamke wa kwanza kuwa meya wa mji huo. Wapiga kura weusi walimsaidia sana kushinda, lakini baadaye aliwakasirisha, hasa alipowaondoa weusi kwenye bodi ya nyumba za umma na kuweka weupe mahali pao, wakati wapangaji wengi wa nyumba hizo walikuwa weusi.

Hasira hiyo haikuishia vijiweni. Mwaka 1982 makanisa, vyama vya kijamii na watu wa redio walifanya kampeni kubwa ya kuandikisha wapiga kura, na zaidi ya watu weusi laki moja waliongezeka kwenye daftari. Harold Washington, mwanasiasa mweusi aliyekuwa mbunge katika Bunge la Marekani, alikuwa amesita kugombea mpaka aone uandikishaji huo. Katika kura za maoni za chama, tarehe 22 Februari 1983, alipata asilimia 36, Byrne asilimia 34 na Richard M. Daley, mtoto wa yule meya wa zamani, asilimia 30. Wapinzani wawili waligawana kura za weupe, naye akapita katikati.

Kwa desturi ya Chicago, mtu aliyeshinda kura za maoni za Democratic alihesabiwa kuwa meya tayari. Safari hii haikuwa hivyo. Viongozi kadhaa wa chama na wapiga kura wengi weupe, ambao hawakuwahi kukipa chama cha Republican kura yao katika uchaguzi wa mji, walihamia kwa Bernard Epton, mgombea wa Republican ambaye siku chache kabla hakuwa akihesabiwa na mtu. Sababu ilikuwa rangi ya mpinzani wake, na hakuna haja ya kuipaka maneno laini. Tarehe 12 Aprili walijitokeza zaidi ya asilimia 80 ya walioandikishwa, Washington akashinda kwa kura zipatazo 668,000 dhidi ya 620,000, yaani chini kidogo ya asilimia 52. Akawa meya mweusi wa kwanza wa Chicago.

Sehemu inayonishughulisha inaanzia hapo. Baraza la mji lilikuwa na madiwani 50, mmoja kwa kila kata, na siku ya kikao cha kwanza cha kazi, Mei 1983, ilionekana kwamba 29 kati yao walikuwa wamekwisha kupatana kumpinga meya, chini ya madiwani Edward Vrdolyak na Edward Burke. Washington alikuwa na 21. Alipoona hesabu haimpi nafasi aliahirisha kikao na kutoka ukumbini; wale 29 wakabaki, wakaendelea na mkutano, wakagawana uenyekiti wa kamati zote zenye uzito, ikiwemo kamati ya fedha iliyokwenda kwa Burke. Suala lilifika mahakamani na mahakama ikawapa wao haki.

Kwa karibu miaka mitatu mji uliishi katika mvutano huo, ambao magazeti ya Chicago yaliuita vita vya baraza. Meya alipopendekeza watu wa kuongoza bodi na idara, majina yao yalilala kwenye kamati mwezi baada ya mwezi bila kujadiliwa. Kwa upande wake, meya alikuwa na haki ya kukataa maazimio ya baraza kwa kura ya turufu, na ili kuishinda turufu hiyo zilihitajika kura 34, ambazo wale 29 hawakuwa nazo. Hivyo kila upande uliweza kuzuia, na hakuna uliyeweza kusonga mbele peke yake. Alipotaka mji ukope fedha za kutengeneza barabara na njia za waenda kwa miguu, wapinzani walikwamisha mpango huo hata pale ambapo barabara zenyewe zilikuwa katika kata zao. Alichofanya Washington ni kwenda kwenye kata hizo, nyingi zikiwa za weupe waliomnyima kura, na kuwaeleza wakazi kwamba fedha za mtaa wao zipo na kwamba aliyezizuia ni diwani wao. Wakazi wakaanza kuwapigia madiwani simu, na mpango ukapita. Katika habari yote hii sijui jambo ninaloliheshimu zaidi kuliko hilo, kwa sababu meya hakulalamika kwamba watu hawamtaki. Aliwaonyesha mlango wa mtu wanayepaswa kumuuliza.

Mvutano ulivunjwa na kata. Ramani ya kata iliyochorwa baada ya sensa ya 1980 ilikuwa imewabana wapiga kura weusi na wale wenye asili ya Amerika ya Kusini, na mahakama ya shirikisho iliamuru ichorwe upya, kisha ufanyike uchaguzi mdogo katika kata saba kati ya 50. Uchaguzi ulifanyika Machi 1986. Wafuasi wa meya walipata viti viwili, kimoja kikichukuliwa na Jesús García katika kata ya 22, na viti viwili vingine vikaenda kwenye duru ya pili mwezi Aprili. Kata ya 26 ndiyo iliyotazamwa na mji mzima, maana Luis Gutiérrez na mpinzani wake walikuwa wametenganishwa na kura chache sana katika duru ya kwanza. Gutiérrez alishinda, na Marlene Carter akashinda kata ya 15. Washington akafikisha madiwani 25 kwa 25, na kwa kuwa kura ya meya ndiyo huamua pande mbili zinapolingana, mji ukapata uongozi unaofanya kazi. Majina yaliyolala kwenye kamati yalipitishwa. Mtu aliyechaguliwa na kura 668,000 alikuwa akingojea mamia machache ya kura za mtaa mmoja.

Hapa kwetu utaratibu ni mwingine, na kwa hiyo uzito wa kata ni mkubwa zaidi kuliko wa Chicago. Mkazi wa Manispaa ya Iringa au wa Jiji la Mbeya hampigii kura meya. Siku ya uchaguzi mkuu hupewa karatasi tatu, ya rais, ya mbunge na ya diwani, na baadaye madiwani hukutana na kumchagua Mstahiki Meya miongoni mwao, ilhali mkurugenzi, ambaye ndiye mtendaji mkuu, huteuliwa na Rais. Maana yake ni kwamba kura ya meya imo ndani ya ile karatasi ya tatu, ambayo wengi wetu huijaza mwisho, kwa haraka, tukifuata rangi ya chama tuliyoifuata kwenye karatasi mbili za juu. Wakazi wa Iringa hawajasahau kwamba mwaka 2015 baraza lilikwenda kwa Chadema na meya akatoka huko, na kwamba Machi 2020 meya huyohuyo aliondolewa kwa kura ya madiwani. Sitaki kufufua ubishi wa nani alikuwa na haki. Ninachotaka kionekane ni kwamba mara zote mbili, kumweka na kumwondoa, kalamu ilikuwa mikononi mwa watu ambao wengi wetu tusingeweza kuwataja majina, ukimwacha yule wa kata yetu, na pengine hata huyo.

Wapo wanaosema dawa ni kumchagua meya moja kwa moja. Naona hoja yao ina nguvu, kwa kuwa mtu aliyeomba kura Kihesa, Mtwivila na Nduli atapaswa kurudi huko kujieleza. Lakini Chicago inanizuia kuamini kwamba hilo peke yake linatosha, maana walikuwa na meya waliyemchagua wenyewe na bado kamati zilimfunga mikono. Bajeti hupitishwa na madiwani. Ushuru wa soko, sheria ndogo, mikopo ya asilimia 10 ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, vyote hupita mbele yao. Stendi kuu ilipohamishiwa Igumbilo, nilisikia watu wakimlaumu meya, mkurugenzi, mbunge na hata Rais kwa nauli ya ziada ya kutoka mjini. Sikumsikia mtu hata mmoja akiuliza diwani wake alisema nini kwenye kikao. Diwani ndiye pia mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, kwa hiyo ndiye kiongozi wa kuchaguliwa aliye karibu zaidi na shimo la barabarani na bomba lililopasuka kuliko yeyote kati ya hao wanne. Edward Burke alikaa kwenye udiwani wa Chicago kwa miaka 54, hadi 2023, mwaka ambao mwishoni mwake mahakama ilimtia hatiani kwa makosa ya rushwa. Kiti cha kata kinaweza kukaliwa muda mrefu namna hiyo pale ambapo macho yote yako kwa meya.

Washington alichaguliwa tena Aprili 1987 na akafariki ofisini tarehe 25 Novemba mwaka huohuo. Kwa sheria yao, madiwani ndio waliopaswa kumchagua meya wa kuziba nafasi hadi uchaguzi maalumu, kama wafanyavyo wetu kila baada ya uchaguzi mkuu. Kikao kilikwenda usiku kucha huku maelfu ya watu wakiwa wamejaa ndani na nje ya jengo la mji, na alfajiri ya tarehe 2 Desemba diwani Eugene Sawyer, aliyebebwa na wengi wa wapinzani wa zamani wa Washington, alimshinda Timothy Evans, diwani wa kambi ya Washington, kwa kura 29 dhidi ya 19. Wapo waliolia kwamba ushindi wa 1983 umeuzwa. Hata hivyo, majina yaliitwa moja baada ya jingine, kila diwani akajibu kwa sauti, televisheni ikirusha matangazo, na kufikia asubuhi hapakuwa na kata ambayo haikujua diwani wake alimpa nani kura. Ningependa sisi wa Iringa tuanzie hapo: baada ya kila kikao cha bajeti, ofisi ya kata ibandike ukutani karatasi inayoonyesha diwani wetu alisimama upande gani, katika jambo gani, na kwa sababu ipi.