Nilivyopata uprofesa kwa kugeuza jani

Uzamili wangu niliupata kwa kuifundisha kompyuta kusoma tarakimu zilizoandikwa kwa mkono. Nilitumia picha za MNIST zilizokusanywa Marekani: 60,000 za kufundishia na 10,000 za kupimia, zote zimeshasafishwa. Nikachukua njia kongwe ya jirani wa karibu, ile waliyoichambua Cover na Hart mwaka 1967: tarakimu mpya inalinganishwa na za zamani, inayofanana nayo zaidi ndiyo inayoipa jina. Ikafanya kazi. Nikajiona fundi.

Uzamivu ndio ulionitoa jasho. Kukaa Dodoma na kufanya utambuzi wa ruwaza, yaani kuifundisha kompyuta kutambua vitu kwenye picha, bila kugusa zabibu niliona aibu, kwa hiyo nikachagua magonjwa ya majani ya mizabibu. Mkusanyo wa picha za majani uliokuwa ukitumiwa na kila mtu, PlantVillage, una zabibu, ila ugonjwa wa ubwiri unaowasumbua wakulima wa huku haumo. Nikaanza kupiga zangu kwa simu, kwenye mashamba ya Hombolo na Mpunguzi, hapa hapa Dodoma.

Mtandao wa neva, programu inayojifunza kwa kuonyeshwa mifano mingi, ukapata karibu alama zote. Nikaandika makala, nikaituma kwenye jarida. Mhakiki mmoja akauliza swali la mstari mmoja tu: majani mazima, yasiyo na ugonjwa, ulipigia picha wapi?

Sikulala. Majani mazima nilikuwa nayapiga yakiwa shambani. Yenye ugonjwa nayachuma, nayabeba hadi ofisini na kuyatandaza juu ya meza ya bluu. Alfajiri nikaipiga picha meza tupu, bila jani hata moja, nikaipitisha kwenye programu. Ikajibu: ubwiri. Bila kusita! Kumbe ilikuwa imejifunza meza, si ugonjwa.

Nilijipoza kwa utafiti wa Mohanty na wenzake wa mwaka 2016, uliotumia picha 54,306 za PlantVillage. Wao walipata asilimia 99.35, lakini kwa picha zilizopigwa mazingira mengine wakaporomoka hadi thelathini na kitu. Kumbe si mimi peke yangu.

Nikarudi Hombolo, kwa mama mkulima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu. Bado hujamaliza hayo majani?"

Alinitazama nikipiga picha kama tatu hivi, akashindwa kuvumilia. Akashika jani kwa kikonyo, akalipindua. "Geuza. Huku juu ni madoa ya njano tu, kama limedondokewa na mafuta. Mwenyewe yuko chini." Kweli, upande wa chini palikuwa na manyoya meupe, laini kama usufi. Huo ni ubwiri vinyoya, wa wakati wa mvua. Ubwiri unga ndio unaojipaka juu ya jani kama vumbi la sembe. Mimi miezi yote hiyo nilikuwa nimepiga upande mmoja.

Basi nikaanza upya: kila jani picha mbili, likiwa mtini, asubuhi na jua la mchana, na mashamba mengine sikuyagusa kabisa hadi siku ya kupima. Alama zikashuka. Hizo ndizo nilizozitetea, na hizo ndizo zilizonipandisha, kutoka mhadhiri hadi mhadhiri mwandamizi, kisha profesa mshiriki, mwisho profesa. Ilichukua muda; kamati za kupandisha vyeo huhesabu makala, hazihesabu misimu ya mvua uliyosubiri.

Meza ya bluu bado iko ofisini. Mwanafunzi akiniletea alama za juu kupita kiasi, namwambia aipige picha kwanza.