Mlenda ndani ya mkate

Mwaka 2019, ofisi yetu imeshahamia Dodoma na sisi tuliotoka Dar bado tunahangaika na pa kula mchana, kulifunguliwa kaduka ka mikate maeneo ya Barabara ya Saba. Meza chache, friji ya soda, na ubao ulioandikwa kwa chaki. Chini ya chai na chapati paliandikwa: banh mi ya Kigogo.

Siku hiyo nilikuwa na baba mdogo. Alikuja kutoka Kongwa kufuatilia hati ya kiwanja, na tangu asubuhi tulikuwa tumezungushwa kutoka dirisha hili hadi lile. Akausoma ubao, akaiona bei.

"Elfu nne, mkate? Mwanangu, twende Majengo tukale wali nyama."

Binti wa kaunta akasikia, akacheka. "Shikamoo mzee. Karibu ukae, usipoupenda hulipi."

"Marahaba." Biashara ya namna hiyo baba mdogo anaielewa. Akakaa.

Binti alieleza huku mikono ikifanya kazi. Banh mi ni ya Vietnam. Wafaransa walipoitawala nchi ile waliingia na mikate yao mirefu, wenyeji wakaja kuijaza nyama, pilipili, majani ya giligilani na achari ya karoti na figili. Mara nyingi ndani hupakwa kwanza maini ya kusaga. Yeye, pale pa maini, alipaka mlenda.

Baba mdogo akaniangalia. Kwetu Ugogoni mlenda unakwenda na ugali wa uwele, tena unaliwa kwa mkono. Kuubebesha mkate wa kisasa ilikuwa kama kumvalisha babu suruali ya kubana.

Lakini binti aliujua mlenda. Alitumia ule wa unga, wa majani yanayoanikwa na kutwangwa ili kiangazi kisiwakute watu hawana mboga. Aliupika na karanga nyingi, magadi hakutia kabisa, ukawa mzito wa kupakwa kwa kisu bila kuvutika. Juu yake kuku wa kienyeji aliyechambuliwa, achari, giligilani, na pilipili mbuzi iliyotolewa mbegu.

Nilipong'ata, ganda likapasuka, makombo yakamwagikia shati la ofisini. Kwanza ilikuja siki ya karoti, kali, mpaka jicho likafumba. Halafu karanga. Mlenda ulichelewa, ukaja mwishoni na ile harufu yake ya majani makavu, ukakaa mdomoni kuliko vyote. Siki na mlenda! Nani angewaza? Kuku ningemtoa, alikuwa mkavu na sikuona kazi yake.

Baba mdogo yeye aliufungua mkate, akamweka kuku pembeni, akaonja mlenda kwa kidole. Kimya. Akauliza kama kuna ugali. Hakuna. Basi akaomba aongezewe mlenda kwenye kibakuli, akawa anamega mkate na kuchovya mpaka kibakuli kikawa cheupe.

"Huu unanunua wapi?"

"Majengo, mzee."

"Wanakuuzia wenye mchanga. Nipe namba yako, nitakuletea wa Kongwa."

Wakaanza kupatana bei ya debe, mimi nikilipa. Hati hatukuipata siku ile, lakini baba mdogo alipanda basi na oda ya mlenda.