Peremende ya Pili

Mwaka 2019, nikiwa mwalimu kijana wa darasa la awali, nilihudhuria semina ya walimu mjini Mtwara ambayo ilibadili namna ninavyosoma matokeo ya utafiti wowote unaohusu watoto. Mwezeshaji alituletea pendekezo lililoonekana jepesi: kila mtoto anayeanza shule akalishwe peke yake mbele ya peremende moja, aahidiwe ya pili iwapo atasubiri, na matokeo yaandikwe kwenye fomu yake, ili wasioweza kusubiri wawekwe mapema katika kundi la uangalizi. Utafiti, alisema, umethibitisha kwamba mtoto anayesubiri ndiye atakayefaulu maishani.

Mkufunzi mstaafu aliyetufundisha saikolojia ya elimu chuoni, tuliyezoea kumwita Mwalimu, ambaye siku hiyo alikuwa mgeni mwalikwa tu, aliomba nafasi ya kusema.

"Mwanangu, jaribio hilo nalifahamu, na Walter Mischel aliyelibuni alikuwa mtaalamu makini. Lakini kabla hatujaandika lolote kwenye fomu ya mtoto, tuambie: walipimwa watoto wa nani?"

"Wa Marekani, Mama."

"Wa shule moja ya chekechea, ndani ya Chuo Kikuu cha Stanford," alisema, akaendelea kwa utulivu uleule aliokuwa nao darasani. Watoto wengi wa shule ile walikuwa wa wahadhiri na wanafunzi wa chuo hicho. Kati ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 walipimwa zaidi ya 600 kwa namna mbalimbali, lakini ripoti ya mwaka 1990, ile inayonukuliwa kila mahali, ilikuwa na alama za SAT, mtihani wa kuombea nafasi vyuoni Marekani, za watoto wasiofika 100. Na uhusiano mkubwa kati ya kusubiri na alama hizo ulitoka kwenye kundi la watoto 35. "Dawa ya ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, ikijaribiwa kwenye shamba moja lililotunzwa vizuri, mtaipitisha kwa Newala na Tandahimba nzima?"

Mwezeshaji, ambaye nilimheshimu kwa kutokasirika, alijibu kwamba kipimo chenye kasoro ni afadhali kuliko kukosa kipimo. Hapo ndipo Mwalimu alipozungumza kwa kirefu. Mwaka 2018, alisema, Tyler Watts na wenzake walitoa matokeo ya kulirudia jaribio hilo kwa watoto zaidi ya 900 wa familia za hali tofauti. Uhusiano kati ya kusubiri na kufaulu baadaye ulikuwa kama nusu tu ya ule wa awali, na walipozingatia hali ya familia, malezi ya nyumbani na uwezo wa mtoto tangu utotoni, ulipungua tena kwa theluthi mbili. Maana yake ni kwamba kusubiri na kufaulu huenda vyote viwili vinatokana na nyumba aliyotoka mtoto, hata kama kimoja hakisababishi kingine.

Kisha akauliza swali ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: kipimo hiki kinapima nini hasa? Celeste Kidd na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2013, waliwaahidi watoto vifaa bora vya kuchorea kabla ya kuwapa peremende. Waliotimiziwa ahadi walisubiri kwa wastani wa dakika 12 hivi. Waliovunjiwa, dakika 3. "Na huu naupenda," alisema, "lakini nao ni wa watoto 28 tu, kwa hiyo msiubebe kama msahafu." Ukumbi ulinyamaza. Wengi wetu tulikuwa na wanafunzi ambao wazazi wao waliwaahidi sare na viatu malipo ya korosho yakitoka, na malipo yakachelewa. Mtoto wa nyumba hiyo akila peremende papo hapo, ametumia akili aliyofundishwa na maisha, na fomu ingemwandika kuwa hana subira.

Mtu mmoja aliuliza kama kuna utafiti wowote wa Afrika. Mwalimu alitaja uliofanywa kwa watoto wa Wanso wa Kameruni na watoto wa Ujerumani wa familia za kipato cha kati: karibu asilimia 70 ya Wanso walisubiri, ilhali Wajerumani hawakufika asilimia 30. Hakuna aliyethubutu kudai kwamba Wajerumani wale wangeshindwa maisha. Kilichoonekana ni malezi ya kila jamii.

Baada ya chakula cha mchana mwezeshaji alikaa na Mwalimu, wakaipitia fomu pamoja mbele yetu. Safu ya peremende ilifutwa. Zilibaki za uwezo wa kuona na kusikia, kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri anaweza kupimwa tena na mtu mwingine, na akithibitika anasogezwa mbele siku hiyohiyo.